Harusi ya Mtapo

4 Machi

Mwanangu Kidodosi,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana nakujua: husoma barua umesimama kama mtu anayesubiri kuitwa. Mimi ni mzima. Masikio yanaendelea kunigomea, ndiyo sababu nakuandikia. Kwenye simu wewe unasema, nami naitikia nisichokisikia, kisha tunaagana tumeridhika bure. Binti yangu, dada yako mshonaji, amejifungua binti, na hata kabla mtoto hajajua kutabasamu mama mtu amesharudi kwenye cherehani. Paa la jikoni linavuja palepale.

Mwalimu Mkuu alikuja Jumamosi, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nilimfundisha hesabu huyu, nikajua kuna jibu analificha.

"Mwalimu, shule imepata wafadhili. Tutajenga maabara ya baiolojia."

Nikampongeza. "Itakaa wapi?"

Akatazama dirishani, kwenye bustani ya marehemu baba yako. "Hapo."

Basi, mwanangu, wataijenga baiolojia juu ya baiolojia. Nyumba ni ya shule, ardhi ni ya shule, nami mstaafu sina la kudai. Msonobari mkubwa walishaukata mwaka jana ili kupima kiwanja. Tingatinga litakuja shule zikifungwa, mwisho wa mwaka.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni kingine. Bwana Harusi ametoa kitu kichwani. Humsahau: ule mtapo ambao kila mgeni aliuita mnazi mfupi, na kila mara kaka yangu, baba yako, akasimama kumsahihisha. Alimpa jina hilo kwa vile alisimama wima, peke yake, amejipamba, kama mtu anayengoja bibi harusi aliyechelewa. Na kibao cha bati alikiandika kwa mkono wake: dume. Sasa katikati ya makuti pametokeza vijani vidogo vingi, rangi ya mdalasini, vina manyoya kama sikio la paka, vimefumbatana kama ngumi. Miaka yote niliyokaa hapa hajawahi. Ni ugonjwa? Utakuja lini umwone?

Shangazi yako

*

19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa. Mpe dada hongera zangu, na mtoto mbusu kisigino, kwa sababu mashavu najua yameshachukuliwa na wengine. Mimi sijambo. Baridi ya chumba chetu cha mimea iliyokaushwa ni ileile. Tunaiweka makusudi ili wadudu wasile majani, na nadhani inatuhifadhi na sisi.

Tunahamisha makabati. Ile mipaka ya koo za mimea aliyonifundisha baba imesogea, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuisogeza. Unakumbuka alivyokuwa akinipitisha njiani? Kushoto, wenye mbegu wazi, vitalu vinne: mitapo, kisha misonobari na miberoshi, kisha kile kitupu, chenye kibao tu, alichouwekea mginko, mti wa China ambao hakuupata maishani, na mwisho yule mtambaazi mkaidi, wa kundi dogo ambalo alisema ni ndugu wasiofanana hata wakipigwa picha pamoja. Kulia, wenye maua, umati wote uliobaki duniani, aliougawa kwa majani yanayotangulia kutoka kwenye mbegu: moja, kama hindi, mawili, kama haragwe. Siku hizi tunajua kwamba wenye majani mawili hawakuwa nyumba moja. Mparachichi, mstafeli na mpilipili manga walishatoka nyumbani kabla wenzao hawajagawana. Wiki iliyopita niliuhamisha mparachichi kwa mikono yangu, nikajikuta nageuka kutazama nyuma, kama mtu aliyehamisha kiti cha mwenye nyumba bila ruhusa.

Sasa Bwana Harusi. Si mgonjwa. Mtapo dume hutoa koni moja ndefu, iliyosimama. Vijani vyenye manyoya ni vya jike. Ukivitazama pembeni utaona vitu kama shanga, navyo ni mayai ya mbegu, yamekaa wazi, hayana tunda la kuyafunika. Baba alikosea. Au, nimtendee haki, aliandika kabla hajapata ushahidi, jambo alilonikataza mimi. Nahisi msonobari ulikuwa ukimnyima jua na ulipokatwa akapata nguvu, ingawa sina hakika. Huenda ni umri wake tu.

Uliwahi kuniandikia kwamba shina lake limeoza chini na halina chipukizi hata moja. Basi hawezi kuhamishwa. Kama kitu chake kitabaki baada ya tingatinga, kitakuwa mbegu, na mbegu inahitaji chavua ya dume. Bustani ya chuo ina dume wa aina hiyohiyo. Koni yake ilikomaa mwaka jana, na mwenzangu mmoja, tunayemwita Bibi Chavua, ana unga wake kwenye jokofu. Nitamwomba.

Kuhusu kuja, tutaona ratiba ya kazi.

Wako,
Kidodosi

*

1 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima, isipokuwa paa. "Tutaona ratiba" nimeielewa. Nimefundisha aljebra maisha yangu yote, naitambua herufi inayosimama badala ya kitu kisichotajwa.

Nilimweleza dada yako habari za mtapo, akacheka hadi akaacha cherehani. "Mama! Yaani miaka yote tunamwamkia shemeji, kumbe ni wifi?"

"Nyamaza, anakusikia."

"Anisikie! Wifi gani huyu, kukaa muda wote huo bila kununa?"

Mlinzi wa shule alikuwa anapita na toroli. "Mimi nilishangaa," akasema. "Nilijiuliza, mwanamume gani huyu hajisifu?"

Lakini kaka yangu usimseme sana. Alikosea kwa huyu mmoja, kwa mapenzi. Ule mvinje alioupanda katikati ya misonobari ulikuwa mtego wake kwa wanafunzi, wauone una sindano na vikoni, waseme ni ndugu wa msonobari, kumbe ni wa upande wa maua. Wewe mwenyewe ulinaswa ukalia, naye akakubeba mabegani hadi jikoni huku akikuambia kwamba sura haithibitishi undugu. Nilikuwa napepeta mchele. Nawaona hadi leo mlivyoinama mlangoni ili kichwa chako kisigonge.

Vijani vimeanza kuachana. Kama kuna harusi, iharakishwe. Na kama bwana harusi anakuja kwa bahasha, kwa nini mshenga asije naye?

Shangazi

*

9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ufupi; gari la posta linaondoka mchana. Salamu kwa dada na kwa mlinzi, ambaye hoja yake nimeisambaza idarani.

Ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nyingi kuna unga wa manjano. Ndiyo chavua. Usiipeleke juani, usiipulizie pumzi yako. Tafuta pampu ndogo ya mpira, kavu. Panda ngazi asubuhi umande ukishakauka, upulize kati ya vijani. Yai lililo tayari hutoa tone dogo linalong'aa kwenye ncha. Chavua ikitua hapo, tone hurudi ndani na kuibeba. Tone likikauka bila mgeni, mlango umefungwa, na haufunguliwi tena.

Unga huu umekaa kwenye jokofu muda mrefu kuliko nilivyotaka. Bibi Chavua anasema u hai. Mimi nasema huenda.

Wako,
Kidodosi

*

6 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mtoto amejua kutabasamu. Mwalimu Mkuu ameleta wapimaji, wakapigilia vigingi hadi karibu na dirisha langu.

Bahasha yako ilifika mjini mapema. Mimi ndiye niliyefikiwa mwisho. Karani wa posta aliiona imevuja unga, akaiweka kando mpaka mwenyewe aitwe. Nilipofika aliishika kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ni dawa gani?"

"Si dawa. Ni mbegu za kiume."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Karani akatazama dari. "Za... nani, mama?"

"Za mtapo, mwanangu. Mti. Nipe, bibi harusi anasubiri."

Alinipa haraka kuliko anavyompa mtu yeyote mzigo wake. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Ulimwengu umeendelea," na mimi, kwa mara ya kwanza mwaka huu, nikasikia vizuri.

Asubuhi yake nilipanda ngazi. Dada yako aliishika, mtoto mgongoni, akilalamika kwamba nikianguka atakuwa na wawili wa kuwaogesha. Nilipuliza kama ulivyosema. Vijani vya chini vilikuwa vikavu, Kidodosi. Vya juu niliona mng'ao. Lakini jua lilinipiga machoni, na sikuapii kama ni matone au ni jua.

Niambie ukweli: nimechelewa?

Shangazi

*

28 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za tabasamu. Hapa tumemaliza kabati za nyasi, na sasa tuko kwenye maua ya jamii ya alizeti, ambayo hayaishi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuna maswali ambayo mmea huyajibu kwa wakati wake, na ningependa tumwachie nafasi. Umefanya vyote vilivyohitajika.

Juzi nilifungua jalada la misonobari, harufu ya utomvu ikanijia, na ghafla nilikuwa njiani pale, jioni, baba akimwagilia kwa ile ndoo yenye tundu ambayo alikataa kuiziba kwa sababu, alisema, inamwagilia pia njia. Sijui kwa nini nakumbuka ndoo, wakati sauti yake inanitoroka. Huenda kumbukumbu nayo ina mpangilio wake, ambao si sisi tuliouweka.

Wako,
Kidodosi

*

12 Oktoba

Mwanangu,

Umekuwa kimya kama huyo mtapo enzi za ubwana wake. Salamu hata hivyo. Dada yako amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, nyumba yake imejaa vitambaa vya buluu.

Njoo uone! Zile shanga zimekuwa mayai. Kubwa kama ya kuku, zimeanza kugeuka rangi ya chungwa, zimening'inia kila upande. Wifi amebeba! Nimemwita Mwalimu Mkuu, nikamwonyesha, akavua kofia. Ameahidi mche mmoja atauweka mbele ya maabara. Nimemwahidi mlinzi mche mmoja, jirani yetu mshona viatu mmoja, na karani wa posta, ambaye aliomba kwa aibu, nimemwahidi miwili. Naona bustani ya kaka yangu imetawanyika mji mzima, kila mlango kipande chake, na tingatinga litakuta lilichokuja kuvunja kimeshaondoka.

Wewe nikuwekee mingapi?

Shangazi

*

30 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nawasalimu nyote, na nimeichelewesha barua hii kwa makusudi, kwa sababu kila nilipoianza niliona uso wako kwenye ngazi.

Mbegu za mtapo hukua hata bila kuchavushwa. Hufikia ukubwa uleule, hupata rangi ileile, lakini ndani hakuna kiinitete. Kwa hiyo ulichokiona si ushahidi, bado. Nilijua hivyo mwezi wa Mei, na nilitumaini nisilazimike kukueleza.

Kuna jaribio. Zikikomaa, zichume, ondoa ganda laini la nje, osha mikono vizuri na usiruhusu mtoto azilambe, kwa maana zina sumu. Zitie kwenye beseni la maji. Iliyo hai huzama. Tupu huelea. Usiahidi miche zaidi mpaka tujue.

Nisamehe.

Kidodosi

*

25 Novemba

Zimeelea zote.

Nilijaribu beseni, nikajaribu ndoo, nikabadilisha maji. Dada yako alizisukuma chini kwa mwiko, zikapanda tena.

Ahsante kwa maarifa. Tingatinga linakuja wiki ijayo. Huna haja ya kuja.

Shangazi

*

20 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Sikuandika mwezi wa Desemba kwa kuwa sikujua mtu husema nini. Habari za hapa zisubiri.

Mbegu zipo wapi? Kama zipo, popote zilipo, usizitupe.

Kabati la mitapo nililiacha liwe la mwisho. Leo nimelifikia. Chini ya majalada kuna visanduku vya mbegu kavu, na kimoja kina mbegu za aina yenu, zilizochumwa zamani kwenye mti uliochavushwa. Nilichukua moja, nikaipasua kwa msumeno mdogo. Chini ya ganda gumu kuna tabaka jepesi, lenye vitundu vya hewa kama sifongo. Ndani yake, kinundu kilichosinyaa ambacho kilikuwa kiinitete. Ilikuwa mbegu kamili. Nikatia nyingine kwenye glasi ya maji. Ikaelea.

Aina hii huishi karibu na maji, Shangazi, na mbegu zake husafiri kwa kuelea. Jaribio nililokupa ni la mitapo ya bara. Ninaujua mti huu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, nao ndio nikauhukumu kwa kanuni ya jamaa zake, bila kumtazama mwenyewe.

Sisemi zi hai. Huenda bado ni tupu zote. Nasema tu kwamba maji hayakutuambia lolote.

Kidodosi

*

9 Februari

Mwanangu,

Salamu zangu. Nilisoma barua yako nimesimama, safari hii mimi.

Mbegu nilizimwaga zote chini ya Bwana Harusi, zirudi zilikotoka. Siku ya pili tingatinga likapita. Sikutazama, niliketi chumba cha nyuma nikisahihisha daftari za zamani ambazo hakuna mwanafunzi atakayezidai. Masikio yangu yalinifaa siku hiyo. Palipokuwa na vitalu sasa pana msingi, na zege limemwagwa.

Barua yako nilipoimaliza nilibaki nimeishika mpaka dada yako akauliza nani amekufa. Nikamweleza. Akaweka mkasi chini.

"Mama, usinipige."

"Umefanya nini?"

"Nilidokoa chache kwenye beseni. Nzito kiasi, laini, hazikwaruzi. Nazitumia kukandamizia kitambaa nikikata."

Tukaenda mezani kwake: zimelala juu ya sare za buluu, kiganja kimoja, zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Moja ina alama ya chaki. Nilimpiga, lakini kwa furaha, na mtoto akapiga makofi.

Nimezilaza kwenye mchanga, nusu juu nusu chini, kwenye beseni lilelile. Sijamwahidi mtu.

Shangazi

*

17 Agosti

Mwanangu Kidodosi,

Salamu, na za dada yako, na za mtoto ambaye sasa anatembea na kuvunja. Maabara imefunguliwa. Ina madirisha mazuri. Niliingia nikaona chati ukutani ya makundi ya mimea yenye mbegu, imechorwa kwa rangi, na nikatoka kabla mwalimu kijana hajanieleza.

Nyumba hii nitaiacha mwishoni mwa mwezi ujao. Nahamia kwa dada yako, chumba cha uani, kizuri, hakina jua.

Mbegu zile, nyingi zimeoza. Moja nilikuta imesogea, nikadhani ni paka. Nikaifukua kwa kidole. Imepasuka upande mmoja na kutoa mzizi mweupe, mnene kama kidole cha mtoto, umeelekea chini moja kwa moja bila kuuliza njia. Niliurudishia mchanga taratibu. Kisha nikaketi sakafuni pale, nikamwita kaka yangu kwa jina lake la utotoni, ambalo sijalitamka tangu tulipomzika.

Nimesoma kidogo. Mche wa mtapo hutoa jani moja kwa mwaka, pengine mawili. Itapita miaka mingi kabla hajafika gotini, na mingi zaidi kabla ya kuonyesha yeye ni nani. Anahitaji mtu mwenye miaka mbele yake. Mimi sina, Kidodosi. Sisemi hivi ili unihurumie. Nimejumlisha tu, na jumla ni hiyo.

Shangazi yako

*

29 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Habari za huku nitakueleza kwa mdomo, nimeketi mbele yako, nikisema polepole. Nilikuwa naogopa kuiona njia ile ikiwa haina miti. Naogopa bado, lakini hilo halimwagilii mche.

Usimtoe kwenye mchanga. Maji kidogo tu, asubuhi. Gari linaondoka Alhamisi, na tikiti ninayo.

Kidodosi